Mwaka mmoja ng'ambo kabla ya chuo kikuu: jumuiya za vijana wa Kiyahudi huwafundishaje vijana wao uongozi, na nini huwangoja wanaporudi?

MleziWaSkauti (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kila panapotajwa mafunzo ya uongozi kwa vijana waliomaliza sekondari, sisi huuliza wangapi wamepata nafasi na wanapelekwa nchi gani, kisha mjadala hufungwa hapo. Naomba leo tuitazame programu ambayo chimbuko lake ni la mwaka 1946, na ambayo kwa maoni yangu imedumu kwa sababu waasisi wake walianza kwa kuuliza kijana huyu atafanya kazi gani siku atakaporudi nyumbani.

Mwaka huo, chini ya shirika la Jewish Agency, ilifunguliwa mjini Yerusalemu taasisi ya kuwafunza walezi wa jumuiya za vijana wa Kiyahudi wanaoishi nje ya Palestina, ambayo sehemu yake ndiyo Israeli ya leo. Jina lake la Kiebrania ni refu, na wenyewe huiita Machon tu. Sababu ya kuianzisha wakati ule haihitaji maelezo mengi: Wayahudi milioni 6 walikuwa wameuawa Ulaya, na miongoni mwao walikuwamo walezi wa vijana wa Poland na Lithuania, nchi ambazo ndizo zilizokuwa kitovu cha jumuiya hizi. Uingereza, Afrika Kusini na Amerika zote mbili watoto walikuwapo, lakini watu wa kuwalea kwa utaratibu ule walikuwa wachache. Ikaamuliwa kwamba kila jumuiya ichague vijana wake wenye umri wa miaka 18 hivi, iwapeleke Yerusalemu kwa jina lake, nao wakimaliza warudi kuitumikia. Kijana hakuwa anaomba nafasi kama mtu anavyoomba ufadhili wa masomo, alikuwa anatumwa.

Sisi wa skauti tunaweza kuuelewa utaratibu huu kwa urahisi kwa sababu tuna babu mmoja nao. Hashomer Hatzair, mojawapo ya jumuiya hizi, iliyoanzia Galicia (wakati huo jimbo la Austria-Hungaria) mwaka 1913, ilichukua mengi kutoka kwa skauti wa Baden-Powell na mengine kutoka kwa vijana wa Kijerumani waliokuwa wakizunguka misituni kwa miguu. Habonim, iliyoanzishwa mwaka 1929 katika mitaa ya mashariki ya London na Wellesley Aron pamoja na wenzake, nayo ilijengwa juu ya mfano huo wa skauti, na mwaka uliofuata ikavuka hadi Afrika Kusini. (Baden-Powell mwenyewe alifariki Januari 1941 na amezikwa hapa kwetu Nyeri. Nawapeleka watoto kaburini kwake mara kwa mara, na bado sijamwona hata mmoja akivutiwa nalo kuliko anavyovutiwa na nyani walio karibu.)

Mwaka wenyewe hupangwa kwa namna mbalimbali kulingana na jumuiya, lakini mifupa yake hufanana. Miezi kadhaa hutumika Yerusalemu kusoma historia, Kiebrania, siasa na migogoro ya jamii ya Israeli, na zaidi ya yote ufundi wa ulezi: namna ya kuandaa kipindi cha saa moja kwa watoto wa miaka kumi, kukiendesha mbele ya wenzako, kisha kukaa kimya wakati wenzako hao wanakueleza ulipowachosha watoto. Miezi mingine hutumika katika kibutsi, yaani kijiji cha ujima, ambako kijana huosha vyombo vya mamia ya watu au huingia mashambani na kwenye mazizi. Wengine hupelekwa katika miji midogo kufanya kazi na watoto wa shule. Jumuiya nyingi huongeza safari ya Poland, kwenye kambi za mauaji na mitaa ya Warsaw. Habonim ya Amerika Kaskazini ilianza kutuma vijana wake kwa mwaka wa namna hii mwaka 1951, na Young Judaea ya Marekani mwaka 1956. Bnei Akiva, ambayo ni ya vijana wanaoshika dini, huongeza masomo ya Tora katika mpango huohuo wa kazi za mikono.

Hadi hapo mtu anaweza kusema kwamba hata kwetu yapo makongamano na kambi zenye ratiba nzuri. Tofauti huanza kijana anaporudi. Akiwa na miaka 19 hukabidhiwa kundi la watoto wa mtaani kwake, na likizo inayofuata hukabidhiwa kambi. Akifika miaka 21 au 22 anaweza kuchaguliwa na wenzake kufanya kazi ya mwaka mzima katika ofisi ya taifa, ambako yeye na wenzake wawili watatu wa rika lake hupanga bajeti, hukodi maeneo ya kambi, huandika mtaala, na hukutana na wazazi wenye hasira. Hakuna mzee wa miaka 50 anayekaa juu ya mhuri. Mwaka wa ng'ambo una uzito kwa sababu kila anayekwenda amekwisha kuiona kazi inayomngoja. Aliiona ikifanywa na waliomlea yeye.

Historia yao inao mfano wa kurudi ambao ni mzito kuliko huu. Wajerumani walipoivamia Poland Septemba 1939, viongozi wengi wa jumuiya hizi walikimbilia mashariki, hadi Vilna (leo Vilnius, Lithuania) na sehemu zilizokuwa mikononi mwa Wasovieti. Mwanzoni mwa 1940 baadhi yao walirudi kwa hiari katika Warsaw iliyokuwa chini ya Wanazi, kwa hoja kwamba watoto wao walikuwa wamebaki bila mlezi. Miongoni mwa waliorudi walikuwa Mordechai Anielewicz wa Hashomer Hatzair na Zivia Lubetkin wa Dror. Walifungua madarasa ya siri na majiko ya chakula, na Aprili 1943 wakaongoza uasi wa geto, yaani mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Anielewicz aliuawa Mei mwaka huo akiwa hajafika miaka 25. Vijana wa leo husimuliwa habari hii Warsaw kwenyewe, wakiwa na umri unaokaribiana na wa wale wanaosimuliwa.

Ndani ya programu hii kuna ukinzani ambao sitauficha. Jumuiya hizi ni za Kizayuni, yaani za harakati ya kuwajengea Wayahudi taifa lao katika nchi ile, na lengo lao la asili lilikuwa kijana ahamie huko moja kwa moja. Mafunzo ya mashambani waliyoyaita hakshara yalikuwa ni ya kumwandaa mhamiaji. Kwa hiyo programu humwambia kijana arudi kwao akalee watoto, na humwambia pia kwamba mlezi mwema mwishowe huondoka. Wamezozana juu ya jambo hili kwa vizazi.

Swali langu kwenu ni hili: skauti, vijana wa parokia, vijana wa msikiti, klabu za shule, ni wapi kati ya hizo ambako kijana wa miaka 21 anaweza kukabidhiwa mhuri?

Bint Likoni

Mzee wangu mleta uzi, shikamoo. Umeandika kwa utulivu, nami nitajaribu kukujibu kwa utulivu huohuo.

Umeitaja kibutsi kama mahali pa kuoshea vyombo, ukapita. Mimi nitasimama hapo kidogo. Kibutsi ya Gesher Haziv ilianzishwa mwaka 1949 na vijana wa Habonim kutoka Amerika Kaskazini, katika ardhi ya kijiji cha wavuvi na wakulima Wapalestina kilichoitwa al-Zib. Beit HaEmek, ambayo nayo ina uhusiano wa muda mrefu na Habonim, iko mahali palipokuwa na kijiji cha Kuwaykat. Kibutsi iitwayo Sasa, ya vijana wa Hashomer Hatzair kutoka Amerika, ilianzishwa mwaka uohuo wa 1949 ndani ya kijiji cha Sa'sa' chenyewe. Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makazi yao katika vita vya 1948, na hawa hawakuruhusiwa kurudi. Ukiniambia kwamba programu inafundisha maana ya kurudi, ni haki yangu kuuliza habari za watu ambao kurudi kwao kulizuiwa ili kijana kutoka London au Chicago apate shamba la kujifunzia uongozi.

Sisi wa Pwani tunazijua habari za mashamba yenye hati mpya juu ya makaburi ya zamani. Ndiyo maana swali langu halihusu ratiba wala bajeti. Nauliza kama kijana huyo hupelekwa kuyaona mabaki ya al-Zib kama anavyopelekwa kuyaona mabaki ya geto la Warsaw.

MleziWaSkauti

Marahaba, binti. Swali lako ni la haki, na jibu lake hutofautiana kwa kila jumuiya. Zile za mrengo wa kushoto huwapeleka vijana kukutana na Wapalestina walio raia wa Israeli, na huzungumzia ukaliaji wa Ukingo wa Magharibi kwa uwazi unaowaudhi baadhi ya wafadhili wao. Nyingine hulipita jambo hilo juu juu, na katika baadhi ya programu kijana huwekwa hata katika wiki ya mafunzo ya kijeshi ya Gadna. Hashomer Hatzair yenyewe, kabla ya 1948, ilitetea hadharani dola moja ya mataifa mawili, Wayahudi na Waarabu; na bado, kama ulivyosema, wanachama wake ndio walioijenga kibutsi ya Sasa. Sijui namna ya kuyapatanisha mambo hayo mawili, wala sitajifanya kuyapatanisha.

Nitaongeza jambo moja linalohusu ufundi wa malezi. Programu inayomzoeza kijana kubishana kila jioni haiwezi kumchagulia mahali pa kuukomesha ubishi wake. Mwanahistoria Tony Judt alikuwa kiongozi wa Dror nchini Uingereza katikati ya miaka ya 1960, akafanya kazi katika kibutsi, akajitolea huko wakati wa vita vya 1967, na baadaye akawa miongoni mwa wakosoaji mashuhuri wa dola hiyo, akitaka iwe nchi moja ya wote. Waliomlea hawakulitarajia hilo, lakini sidhani kwamba walimlea vibaya.

Bint Likoni

Nashukuru kwa jibu, mzee. Msomi mmoja aliyebadili mawazo akiwa mtu mzima hawezi kuhesabiwa kuwa sehemu ya mtaala. Nitaliacha swali langu palepale nilipoliweka.

KurutaMstaafu

Wakuu, mimi ninaandika kutoka Morogoro, nami nilipitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) zamani, wakati ambapo aliyemaliza kidato cha sita hakuwa na njia ya kuikwepa.

Wengi hapa huenda hawajui kwamba jambo hili lina uhusiano wa moja kwa moja na sisi. Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa Julai 1963, Waisraeli walikuwa washauri wake wa karibu, na mfano ulioangaliwa ulikuwa ule wa Nahal na Gadna, mipango ya vijana ya jeshi la Israeli, yaani kijana anayelima, anayefunzwa silaha na anayefundishwa uraia kwa pamoja. Na Nahal yenyewe ilijazwa na vijana wa jumuiya hizihizi alizozitaja mleta uzi. Baada ya vita vya 1973 Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli, ukarudishwa mwaka 1995, lakini katika miaka yote hiyo jembe na kwata viliendelea kambini bila mtu kukumbuka vilikotoka. Mafunzo kwa mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa 2013 kwa muda mfupi zaidi.

Kwa hiyo nina haki ya kulinganisha. Mleta uzi ameusifu utaratibu wa kijana kutumwa na wenzake na kupokewa na wenzake. Hilo linawezekana mahali ambapo watu ni wachache na wanajuana kwa majina ya baba zao. Taifa zima haliwezi kufanya hivyo. Sisi tulikusanywa kwa sheria, mtoto wa waziri na mtoto wa mchunga mbuzi katika bweni moja, na faida yake kubwa ilikuwa hiyohiyo ya kuchanganywa. Jumuiya ya Kiyahudi ya London inamchukua kijana ambaye tayari ni wake, inamweka pamoja na vijana wengine wanaofanana naye, halafu tunaambiwa kwamba amejifunza kuishi na watu. Mimi nililala kitanda cha juu, jirani yangu akiwa Mmakonde, na chini yangu akalala Mhaya, na sikuwa nimewahi kukutana na yeyote kati yao kabla ya hapo.

Mahali ambapo nakubaliana naye ni pale aliposema juu ya kazi inayomngoja anayerudi. Siku tuliyomaliza tulirudisha sare stoo, tukapewa nauli, na hapakuwa na mtu aliyetuuliza tena tumejifunza nini. Nguvu ile yote iliishia kituo cha basi.

Mwana wa Elgoni

Ndugu zangu, salamu kutoka Mbale, Uganda.

Mimi si Myahudi, ila nimekulia karibu na Abayudaya, jamii iliyoshika dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoifuata mwaka 1919 na kuwaongoza wafuasi wake kwenye njia hiyo. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Marekani na kupewa daraja lake mwaka 2008. Wana vijana wao na jumuiya yao ya vijana, inayoitwa Marom, na wana nyimbo nzuri kuliko za makanisa yetu mengi, ingawa padri wangu asisome hapa.

Nimeuleta mfano wao kwa sababu mjadala unakwenda kana kwamba kila kijana wa Kiyahudi akitumwa na jumuiya yake hufika. Mwaka 2018 kundi la kwanza la vijana wa Abayudaya lilikwenda Israeli kwa ziara ya siku kumi ya Birthright, na hapa ilikuwa furaha kubwa. Lakini Desemba 2017 kijana mmoja wa Kiyahudi kutoka Kenya, aliyekwenda kusoma katika chuo cha dini cha Yerusalemu akiwa na viza iliyotolewa kihalali, alizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Ben Gurion na kurudishwa. Mamlaka ya mambo ya ndani ya Israeli imekuwa na mashaka ya muda mrefu juu ya Uyahudi wa watu wa huku, kwa kuwa wengi waliingizwa dini na marabi wa madhehebu ambayo watawala wa dini kule hawayapendi.

Ni ajabu ya historia pia. Mwaka 1903 Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Kizayuni, aliwapelekea wenzake kwenye mkutano wao mkuu kule Basel, Uswisi, pendekezo la Waingereza la kuwapa Wayahudi makazi katika nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo ziko Kenya, na wao wakalikataa mwaka 1905. Mashariki ya Afrika ilitolewa kwa watu ambao hawakuitaka, na sasa Wayahudi wa Mashariki ya Afrika ndio wanaoulizwa vyeti mlangoni.

MwakaWaKwanza

Naomba kuuliza jambo ambalo wakubwa wamelipita: nani hulipa? Mtoto wa fundi cherehani anaweza kwenda?

Mpemba wa Leyton

Naishi London, na kwa misimu kadhaa ya kiangazi nimepika katika kambi ya jumuiya moja ya vijana wa Kiyahudi, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona jikoni na niliyoyasikia kutoka kwa vijana wenyewe.

Ada ni kubwa, na wazazi ndio wanaoanza kulipa. Tangu 2004 kuna mpango uitwao Masa, ulioanzishwa na serikali ya Israeli pamoja na Jewish Agency, ambao huchangia gharama za vijana wanaokaa huko kwa miezi mingi. Mifuko ya jamii zao nayo husaidia wasio na uwezo. Birthright, aliyoitaja ndugu wa Mbale, ni kitu kingine kabisa: ilianza mwishoni mwa 1999, ni ya siku kumi, ni bure, na haimdai kijana chochote baadaye. Vijana wa jumuiya huidharau kidogo, kwa majivuno ya mtu aliyekaa mwaka mzima.

Jambo linalonivutia zaidi ni namna wanavyoishi na fedha wakishafika. Katika jumuiya za kijamaa kama Habonim Dror, kundi hukusanya fedha za matumizi ya kila mmoja katika kapu moja wanaloliita kupa. Mtoto wa daktari na mtoto wa fundi cherehani huchota humo, na matumizi huamuliwa kwenye kikao. Nimesikia vijana wakisimulia ubishi wa usiku kucha juu ya kama sigara ni hitaji au anasa, na kama mtu aliyetumiwa zawadi na bibi yake anapaswa kuitangaza. Inachekesha kuwa kibutsi nyingi kule zenyewe ziliuacha ujima baada ya matatizo makubwa ya kiuchumi ya miaka ya 1980, zikaanza kulipa mishahara inayotofautiana. Vijana hufika kujifunza usawa kijijini kwa watu waliokwisha kugawana.

Kuhusu mhuri, nathibitisha. Kambini mkubwa wangu wa kazi alikuwa binti wa miaka 20, aliyerudi kutoka mwaka wake wa ng'ambo. Alikuwa na daftari la mzio wa kila mtoto, alijua bei ya viazi kwa gunia, na aliponikosea hesabu ya mkate hakutafuta mtu wa kumtupia lawama. Wakati huohuo nilikuwa nikishuhudia kosa lilelile likirudiwa baada ya misimu miwili au mitatu, kwa sababu aliyelijua alikuwa ameshaondoka. Mtu akifika miaka 23 anahesabiwa amekuwa mzee. Hupata kazi au huhamia Israeli, na daftari huanza upya. Hapo ndipo ninapomrekebisha mleta uzi kwa heshima zote: yupo mtu mzima mmoja karibu na mhuri. Ni mjumbe anayeletwa kutoka Israeli kwa miaka miwili au mitatu na kulipwa na Jewish Agency, na katika ofisi yenye vijana wa miaka 22 watupu, yeye ndiye mwenye kumbukumbu.

KurutaMstaafu

Basi mwenye kumbukumbu ndiye mwenye mhuri, hata kama hautii wino.

MleziWaSkauti

Ndugu Mpemba, ahsante kwa ushahidi wa jikoni, ambao sikuwa nao. Mjumbe namfahamu, na ni kweli kwamba mshahara wake hauandikwi na vijana. Lakini hapigi kura katika mkutano wao mkuu, na mikutano hiyo imewahi kupitisha misimamo ambayo wajumbe walisafiri kurudi kwao wakiilalamikia. Kwetu hapa mlezi wa wilaya, na mimi nimo, ana kumbukumbu, ana mhuri, ana ufunguo wa stoo ya mahema, na ana kura. Jumamosi ijayo tuna kikao cha kamati. Nitapendekeza kwamba kambi ya Agosti, pamoja na daftari la fedha zake, ikabidhiwe kwa skauti waliomaliza kidato cha nne mwaka jana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeuliza nani hulipa, kama uko karibu na Nyeri, njoo na swali hilohilo.